Sufuria Iliyotoka Koboko

Karatasi ilikuwa ya mtihani wa darasa la sita. Nyuma yake, palipokuwa peupe, Paska alikuwa ameandika vyakula vinane na kukata vitatu. Wali aliukata kwa sababu mchele haukuwa umeonekana Arua tangu Septemba. Mandazi aliyakata kwa sababu ya mafuta. Keki aliiandika kwa mazoea tu, maana alikuwa mwalimu wa upishi, na kila mwaka aliwafundisha wasichana kupika keki ubaoni, kwa chaki, bila unga wala siagi. Aliikata kabla wino haujakauka.

"Soma kilichobaki," akasema mumewe Onzima. Alikuwa amekaa kizingitini anaziba pancha ya baiskeli ya mtu, beseni la maji katikati ya miguu.

"Enya, ugali wa muhogo na wimbi. Osubi kwa simsim. Samaki wa angara. Mbuzi. Chai, tukipata sukari."

"Mbuzi ungemweka wa kwanza. Mtu akisikia mbuzi, hayo majani ya kunde hayasikii tena."

"Mbuzi ndiye anayeniumiza kichwa. Nitamweka nitakapotaka."

Barua ya dada yake ilikuwa mezani, chini ya kikombe. Iliandikwa Koboko na kuletwa na dereva wa lori la tumbaku, na haikuzidi mistari minne. Asiya alisema watakuja Krismasi, yeye, mumewe Nasur na mama mkwe wake Hawah. Watafika mkesha mchana, Mungu akipenda. Mstari wa mwisho ndio uliomkaa Paska kooni: Msijisumbue na chakula, nitakuja na sufuria yangu.

"Mtu anayekuja Krismasi na sufuria yake," akasema Paska, "anakuja kula au anakuja kunipiga nayo?"

Onzima alizamisha mpira kwenye maji, akatafuta mapovu. "Na wewe kumbuka ulichomlisha."

Miaka sita ilikuwa imepita tangu matanga ya mama yao. Asiya alikuwa ameolewa na Mwislamu, ameacha jina la ubatizo, na Paska aliona yote hayo ni maringo ya mji. Siku ile alimwekea kuku, akamwambia kachinjwa na Umaru, mchinjaji Mwislamu wa mtaa wa Oli. Letiru, binti yake, alikuwa na miaka mitano. Akasema mbele ya watu wote, "Si Umaru. Baba alimnyonga nyuma ya jiko." Asiya alikuwa ameshameza vipande viwili. Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, wakamsikia akitapika. Kisha akapita katikati ya waombolezaji mpaka barabarani, bila kumuaga mtu. Tangu siku ile akija msibani alikaa uani, na hata maji ya nyumba ya Paska hayakugusa midomo yake.

"Safari hii hataambiwa kitu," akasema Paska. "Ataona mwenyewe. Mbuzi atasimama hai pale kwenye mpera mpaka Nasur ashuke kwenye lori. Nasur amchinje kwa mkono wake, kwa maneno yake, mama yake akimtazama. Mimi sitatia hata neno moja hapo katikati. Sufuria zote nitazisugua kwa mchanga na majivu, na mwiko nitanunua mpya."

"Na akikataa bado?"

"Akikataa bado, basi sina dada tena. Wazazi wamekwisha, kaka hatuna. Nani mwingine anajua nilivyokuwa mtoto?" Akaikunja karatasi, akaitia kifuani. "Maliza hiyo pancha, mwenyewe anakuja saa kumi."

*

Jumanne alikwenda tena mjini kutafuta sukari. Duka lilikuwa la Wahindi kabla hawajafukuzwa, na mwenye nalo sasa hakujua bei ya kitu chochote, ila alijua nani apewe na nani asipewe. Paska alisimama kwenye foleni tangu saa moja asubuhi. Mbele yake kulikuwa na wanawake kama arobaini, nyuma yake hakuhesabu. Kila baada ya muda kidogo mtu mwenye viatu vizuri aliingia kwa mlango wa pembeni na kutoka na mfuko, na foleni yote ikatazama mfuko ule mpaka ukapotea.

Saa saba akafika mlangoni.

"Wewe nani?" akauliza kijana wa mlangoni.

"Mwalimu Paska. Ombaci."

"Walimu wamepewa jana."

"Jana nilikuwa kwenye foleni hii hii. Nani kawapa?"

"Mimi sijui. Lakini iko kwa kitabu, walimu wamepewa."

"Nionyeshe jina langu kwenye hicho kitabu."

Kijana akacheka, akawageukia walio nyuma ili wacheke naye. "Mwalimu, wewe kazi yako ni kufundisha. Fundisha watoto kunywa chai kavu, bila sukari."

Wakacheka. Si wote, na waliocheka walicheka kwa kuogopa nafasi yao, lakini walicheka. Miongoni mwao alikuwa mama wa mwanafunzi wake. Paska alisimama pale pale mpaka kijana akachoka kumtazama, akamtupia robo ya chumvi ili aondoke. Ilifungwa kwa karatasi ya daftari. Njiani alitambua wino mwekundu juu ya karatasi ile: ulikuwa wake mwenyewe. Sita kwa kumi. Ongeza bidii.

*

Mkesha wa Krismasi wageni hawakuja. Mchana ulipita, saa kumi ikapita. Kila lori lililonguruma upande wa Koboko lilimtoa Paska jikoni na mikono yenye unga, na kila lori lilipita. Petroli ilikuwa haba. Watu walilala barabarani siku mbili, na hakuna aliyeshangaa. Mbuzi alikuwa kwenye mpera, amekula majani yote yaliyofikiwa na kamba, sasa anakula kamba.

Aliyefika ni baba mkwe, mzee Okuonzi, kwa miguu kutoka Dadamu, na unga wa wimbi begani. Paska alipiga magoti, akamsalimu, akampokea mzigo. Mzee akaketi, akanywa maji, akamtazama mbuzi kwa muda mrefu kama anavyotazamwa mtu wa ukoo.

"Huyo anangoja nini?"

"Anangoja wageni, Baba."

"Vizuri," akasema mzee.

Paska alitaka kuongeza neno, akalimeza. Mke wa mtu hamfundishi baba mkwe nani atamchinja mbuzi kwenye boma la mwanawe. Hilo ni jambo la wanaume, na hata diploma haikulibadilisha. Alimvuta Onzima nyuma ya jiko.

"Mwambie baba yako. Mbuzi haguswi mpaka Nasur afike. Mweleze sababu."

"Nitamwambia."

"Leo."

"Nimesema nitamwambia, mwanamke. Mimi si mtoto wa darasa lako."

Jioni Onzima na baba yake walikaa na kibuyu cha pombe, wakazungumza shamba, na tumbaku isiyolipwa, na ng'ombe mmoja aliyekufa kabla Onzima hajazaliwa. Mbuzi hakutajwa.

*

Walirudi kutoka misa ya Ombaci kama saa nne asubuhi, Paska, Onzima, Letiru, na jirani yao Santino aliyekuwa katekista na bado alikuwa akiimba. Mzee alibaki nyumbani. Misa hakuwa nayo ugomvi, lakini hakuwa nayo urafiki pia. Letiru alitangulia mbio ili avue viatu vilivyombana. Punde akarudi, kiatu kimoja mkononi.

"Mama. Mbuzi."

"Amekata kamba?"

"Amechinjwa."

Paska hakukimbia. Alitembea, lakini Onzima hakuweza kwenda naye sambamba. Uani mzee Okuonzi alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono imeoshwa, uso umeng'aa. Mbuzi alikuwa ameshachunwa, nyama imepangwa vizuri juu ya majani ya migomba, kila kipande mahali pake, kazi ya mtu anayejua.

"Njoo, mwanangu, uone," akamwambia Paska. "Jua limepanda, wageni wako njiani, na mbuzi bado anatembea! Nikasema, mke wa mwanangu ataaibika. Basi nimemzungusha nyumba kama inavyotakiwa. Nimewataja wazee wetu wote, mmoja mmoja, sikumruka mtu. Hata yule dada yako nimemtaja. Nikawaambia, hawa wawili waliogombana, wale pamoja leo."

Paska akapiga magoti pale penye damu, na gauni lake la misa. "Asante, Baba," akasema. Angesema nini kingine?

*

Jikoni alifunga mlango. Onzima alikuwa anatazama ardhi.

"Nililala," akasema. "Pombe ya mzee ilikuwa kali. Nililala, basi."

"Sijakuuliza."

Santino, aliyekuwa amewafuata mpaka ndani kwa huruma na kwa umbea, akakuna kidevu. "Jambo hili ni dogo. Nyama ni nyama. Nani alimwona mzee?"

"Kweli," Onzima akadakia, kichwa kikainuka. "Umaru yuko Oli. Naruka kwenye baiskeli, nampa mguu mmoja, anakuja kukaa hapa na kisu chake. Wakiuliza, yeye ndiye aliyechinja. Nani atajua? Mbuzi hasemi."

"Umaru atakubali?" akauliza Santino.

"Kwa mguu mzima, Krismasi ya mwaka huu? Atakubali na kuapa."

Paska alitazama sufuria zake. Zilikuwa tatu, zimesuguliwa mpaka zinaonyesha uso wa mtu. Aliutazama mwiko mpya. Njia ile ilikuwa nyepesi. Ilikuwa imeshatandikwa mbele yake, apite tu: Umaru anakaa, Asiya anakula, wanacheka, wanaagana. Alijua hata sauti atakayotumia, maana alikuwa amewahi kuitumia.

"Ila huyu mtoto anyamaze," akasema Santino, akimwonyesha Letiru kwa kidole. "Safari hii, binti, ukiulizwa, unasema Umaru. Umesikia?"

Letiru alikuwa ukutani, kiatu bado mkononi. Sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja. Hakuna aliyewahi kumpiga wala kumgombeza kwa alichosema siku ile ya matanga, lakini alikuwa msichana wa kujiuliza mara mbili kabla ya kusema hata kwamba mvua inanyesha. Paska alikuwa ameliona hilo miaka yote na kuliita adabu.

"Nimesikia," akasema Letiru, kwa sauti ndogo.

"Hukusikia kitu," akasema Paska. "Mtoto huyu alisema kweli mara moja, tukamtazama kama mchawi. Onzima, toa baiskeli, lakini huendi Oli. Funga nyama yote, na ngozi, na kichwa, peleka Dadamu kwa wazee wenzake baba yako. Usiache hata mfupa. Letiru, mwaga maji pale uani, kisha tandika mchanga mpya. Mwiko huu mpya usiguse kitu chochote cha mbuzi yule. Santino, wewe una mke nyumbani anayekungoja."

"Na wageni utawapa nini?" akauliza Onzima.

"Nitawapa habari. Kisha nitawapa samaki."

*

Lori lilipiga honi saa sita kasoro. Paska hakuwangoja uani. Alitoka mpaka barabarani, na kanga imefungwa juu ya gauni lenye damu magotini, akafika wakati Nasur anamshusha mama yake kama anavyoshushwa mzigo wa mayai. Asiya alikuwa ameshuka tayari. Alikuwa amenenepa kidogo. Ubavuni alikumbatia kitu cha mviringo kilichofungwa kwa kitambaa cheupe, na Paska hakuhitaji kukiangalia mara mbili.

"Shemeji!" Nasur akaita. "Samahani sana. Sisi nalala Maracha, gari nakosa mafuta. Hii Krismasi karibu tunakula kwa porini."

"Karibuni," akasema Paska. "Mama, shikamoo. Kabla hamjaingia, nina neno. Nitalisema hapa hapa, mkitaka kurudi, lori bado lipo."

Dereva alizima injini ili asikie vizuri.

"Nilikuwa na mbuzi. Nilimweka hai, ili wewe, shemeji, umchinje kwa mkono wako. Leo asubuhi tukiwa misa baba mkwe wangu amemchinja. Hakujua, hakuna aliyemwambia. Amemchinja kwa desturi ya wazee wetu, kwa majina ya wafu wetu. Basi hiyo nyama kwenu hailiki, na hamtaiona, imekwenda Dadamu. Chakula kilichopo ni samaki, na enya, na osubi kwa simsim. Sufuria zimesuguliwa kwa mchanga. Sukari sina." Akavuta pumzi. Akageuka kwa dada yake, akaacha Kiswahili, akasema kwa Kilugbara, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Na yule kuku wa matanga, dada. Umaru hakumwona kabisa. Nilijua, na nilikutazama ukila. Sijawahi kukwambia kwa mdomo wangu. Leo nakwambia."

Asiya alihamisha sufuria kutoka ubavu huu kwenda ubavu ule. Gari la mtu likapita, vumbi likawafunika wote, na hakuna aliyepangusa uso.

"Nasema nini huyu?" akauliza Hawah kwa ukali. Alikuwa mzee mfupi, wa macho makali, na tangu ashuke hakuwa ameacha kumkagua Paska kuanzia kichwa mpaka kwenye magoti. "Mbona wewe nalia, mke ya Nasur?"

"Silii, mama. Ni vumbi."

"Vumbi iko kwa sisi wote. Mimi silii."

"Anasema mbuzi alichinjwa kwa jina la wazee wao," akasema Asiya, na sauti ikamponyoka. Paska alidhani ni kilio, akajiandaa. Kumbe dada yake anacheka. Alicheka mpaka ikabidi amshike Nasur bega. "Mzee Okuonzi! Amemzungusha nyumba? Mara ngapi?"

"Sijui mara ngapi. Amekutaja na wewe humo."

"Mimi? Kwa wafu wenu?"

"Kwa jina."

Asiya akajipangusa macho kwa ncha ya kitambaa cha sufuria. "Paska, wewe ni mjinga. Siku ile ungetoka barabarani hivi, ukaniambia kuku amenyongwa, ningekucheka, tungechemsha viazi, yangekwisha. Kuku hakunitapisha. Nilitapika kwa sababu ulikuwa unanitazama."

"Najua."

"Miaka sita unajua?"

"Minne. Miwili ya kwanza nilikuwa nimekasirika."

Hawah akapiga fimbo yake chini. "Mimi mutu mzee, jua nanichoma. Mbuzi iko mingi Koboko, mimi sikuja kwa mbuzi. Mimi nakuja kuona huyu mwalimu ambaye nafanya mke ya mtoto yangu kila Krismasi anakaa kimya kama mutu ya kaburi. Sasa nimeona. Iko na mdomo ya kweli. Twende kwa kivuli. Hiyo samaki iko na pilipili?"

"Iko, mama."

"Basi."

*

Uani mzee Okuonzi alikuwa amesimama peke yake karibu na mpera. Alikuwa amemwona mwanawe akiondoka na nyama yote kwenye baiskeli, na hakuna aliyethubutu kumpa sababu. Alipoona wageni alijaribu kutabasamu, tabasamu likakataa.

"Nimeharibu," akamwambia Paska. "Kuna kitu nimeharibu, na mnanificha kama mgonjwa."

Kabla Paska hajafungua mdomo, Asiya aliweka sufuria yake kizingitini, akaenda mbele ya mzee, akapiga magoti kama wanavyopiga mabinti wa Kilugbara, hijabu na yote.

"Baba, ni kweli umenitaja?"

"Nimekutaja. Nilisema mle pamoja."

"Basi nimekuja kula. Nyama yako siwezi, dini yangu hainiruhusu, na wewe hukujua. Lakini ulichoomba si nyama."

Mzee alifikiri juu ya hilo. Alikuwa mtu wa haki, na aliona kwamba hesabu inakaa sawa. "Hapana," akasema. "Sikuomba nyama."

Nasur alifungua mfuko wake wa safari, akatoa kanzu, akatoa viatu vya mama yake, na chini kabisa akatoa kilo mbili za sukari katika karatasi ya kaki. "Shemeji, hii iko ndogo. Kwa duka yangu wanaleta Jumatano, mimi naficha kidogo."

Paska aliipokea kwa mikono miwili. Alimkumbuka kijana wa mlangoni, na wale waliocheka. Nasur pia alikuwa na duka lililokuwa la watu wengine, na bila shaka pia alikuwa na mlango wa pembeni, na pengine mwalimu fulani wa Koboko alikuwa anakunywa chai kavu leo. Alilijua hilo. Akaliweka birika motoni.

Hawah hakukubali kuketi. Aliingia jikoni, akazikagua sufuria moja moja, akaingiza kidole ndani, akakitazama kidole, akakinusa. Letiru alisimama nyuma yake bila kupumua.

"Nani nasugua hizi?"

"Mimi na mama."

"Wewe iko na mikono ya kazi. Unga ya ngano iko?"

"Kidogo, bibi. Kikombe kimoja."

"Leta. Nitapika gurusa, mkate ya watu ya kwetu. Na wewe angalia, mwaka ujao utapika peke yako." Paska akasikia hayo maneno mawili, mwaka ujao, akaendelea kukoroga osubi kana kwamba hakusikia.

Waliketi mkekani saa nane, wanaume upande huu, wanawake upande ule, sahani za samaki katikati. Santino alirudi, kwa sababu harufu ya angara ilivuka ua. Onzima alirudi kutoka Dadamu, shati limelowa jasho. Alisema wazee wa kule walimpokea kwa vigelegele na kumuuliza kama Krismasi itakuwa tena wiki ijayo.

"Afadhali," akasema Santino, akinawa. "Nyama nzuri vile. Mimi ningebaki na paja moja tu."

Hawah akamgeukia. "Wewe si mutu ya kanisa? Ile mbuzi walitaja wafu juu yake. Kwa kanisa yako iko ruhusa?"

Santino akaacha kunawa. Katekesi yote ya miaka kumi na tano ilipita usoni kwake. "Kwa kweli," akasema, "haina ruhusa."

"Sasa wewe unalia nini? Kula samaki."

Kicheko kilianza kwa Nasur, kikapita kwa Onzima, kikamfikia hata mzee Okuonzi, ambaye alicheka kwa fahari, maana ilionekana mbuzi wake amewashinda wote, Waislamu kwa Wakatoliki.

Paska hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wa dada yake. Kisha akakumbuka, akageuza macho, akayaelekeza kwenye mpera, kwenye kamba iliyokatwa, popote. Alisikia tonge la enya likikatwa. Alisikia Letiru akisema, kwa sauti ya kawaida, ya mtoto asiyejiuliza mara mbili, "Mama mkubwa, huyo ana mwiba." Akasikia Asiya akijibu, mdomo umejaa, "Nimeuona."

*

Lori lilikuwa linarudi Koboko kabla ya jua kuzama. Nasur alikuwa ameshamkalisha mama yake mbele, karibu na dereva, na Hawah alikuwa ameshamweleza dereva namna ya kuendesha. Paska alikuwa anakunja mikeka aliposikia sauti kutoka mlangoni.

"Sufuria yangu iko wapi?"

Ilikuwa pale pale kizingitini ilipowekwa, imefungwa kwa kitambaa chake cheupe, haijafunguliwa. Siku nzima watu waliiruka wakipita. Paska aliinyanyua, ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani. Akamnyooshea dada yake bila kumtazama.

Asiya hakuipokea. Alifungua fundo la kitambaa, akatoa kifuniko, akamrudishia.

"Mimi nikapande nayo tupu? Watoto wangu wamebaki Koboko, hawajala Krismasi. Nitilie yule samaki aliyebaki. Na osubi, usinibanie."

Paska aliingia jikoni. Alichota kwa mwiko mpya, akachota tena, akakandamiza, akaongeza gurusa mbili juu. Kifuniko kilikataa kufunga. Akakisukuma kwa kiganja, akaona hakitaki, akakifunga hivyo hivyo kwa kitambaa, mafundo mawili, kama anavyofunga mtu ambaye barabara anaijua. Asiya alikipakata kifurushi mapajani kule juu ya lori, akainamia ubao wa pembeni.

"Kile kitambaa nitakuletea Pasaka!" akapiga kelele, lori likiondoka.

"Kitambaa ni chako!"

"Hata hivyo!"

Vumbi lilipotulia Paska alirudi jikoni. Mumewe na baba mkwe walikuwa wamelala kwenye viti, midomo wazi. Alitoa ile karatasi kifuani, akaisoma, akaitia motoni chini ya birika. Letiru alikuwa anakusanya sahani.

"Mama, wewe hujala."

Ni kweli. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni. Akavuta sufuria ya samaki, akakuta mchuzi kidogo pembeni na ukoko wa enya kwenye nyingine. Akasimama pale pale, akakwangua, akala.

"Leta na chai," akasema. "Tia sukari."